Hodi ya Tatu

Tangu walipofunga mlango wa nyumbani mpaka walipofika mbele ya dirisha la tiketi, Shangazi alikuwa anarudia maneno yaleyale, kama mtu anayemtuma mtoto dukani na hamwamini.

"Jioni wajomba zako wakikuuliza, useme ndiyo. Na useme kwa sauti. Wazee wale masikio yao yamekwenda likizo. Ukinong'ona kama kawaida yako watauliza, 'Kasema nini huyu?' na mimi nitaonekana nimekusemea."

"Nimesikia, Shangazi."

"Ati?"

"Nimesikia."

"Unaona sasa! Mimi niko hapa ubavuni kwako na sikukupata."

Ndiyo maana nyumbani walimwita Kimya. Si kwamba hakuwa na la kusema. Alisema, ila sauti yake ilikuwa haifiki mbali. Ilitoka mdomoni ikaishia kidevuni. Wateja wa kibanda chake cha ushonaji walikuwa wamezoea kuinama juu ya cherehani ili wajue nguo itakuwa tayari lini. Alikuwa ameshazoea kuona utosi wa watu.

Mfamasia ndiye aliyekuwa dirishani analipia. Alikuwa mwanamume mpole mwenye duka la dawa karibu na kituo cha mabasi, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate. Safari hii ilikuwa wazo lake. Alisema si vizuri watu wanaotaka kuoana waonane sebuleni tu, kwa sababu sebuleni kila mtu ni malaika. Akachagua makumbusho, lile jumba la zamani lililojengwa na tajiri wa mbao, ambalo watu wote wa mjini waliliita Jumba la Hodi na hawakupenda kupita mbele yake peke yao.

"Samahani, dada," Mfamasia alimwuliza mkata tiketi, akishusha sauti. "Hivi ni kweli?"

"Kweli nini?"

"Yule bibi wa juu."

"Kaka, tiketi ni ileile, umwone usimwone."

Mfamasia akacheka. Alipogeuka, Kimya aliona kwamba kicheko kimebaki mdomoni tu, machoni hakikufika.

Barazani kulikuwa na kapu la vifuniko vya viatu, vimeshonwa kwa mapazia yaliyochakaa, vyenye kamba ya kufunga kwenye kifundo cha mguu. Kila mgeni alitakiwa avae ili asikwaruze sakafu ya mbao. Wanawake wanne wa kwaya, waliokuja na vitenge vya sare, walikuwa tayari wamevaa vyao na wanatelezateleza kwa furaha kama watoto. Kimya aliinama kufunga vya kwake.

"Karibuni Jumba la Hodi," sauti ilisema juu yake.

Mkono uliokuwa unafunga kamba ulisahau ulichokuwa unafanya.

Hakuinuka mara moja. Alitazama kwanza viatu vya mtu yule, vyeusi, vimepakwa dawa vizuri. Kisha suruali ya kijivu ya sare. Kisha mkono ulionyooshwa kupokea tiketi, na kwenye kucha ya kidole gumba doa dogo la rangi ya bluu ambalo sabuni ilikuwa imeshindwa kulitoa. Basi hakuwa na haja ya kuutazama uso, lakini aliutazama.

Naye alimtazama kwa muda uleule ambao mtu anahitaji kuchana tiketi. Akaichana. Akamtazama Mfamasia, akamtazama Shangazi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, hujambo," Shangazi aliitika, na ndipo macho yake yakafika pale mdomo ulipokuwa umekwisha kufika. Akameza mate. Marahaba haichukuliki tena ikishatoka.

Alimvuta Kimya kando, nyuma ya nguzo. "Huyu si yule wa ngazi?"

"Ndiye."

"Ulijua yuko hapa?"

"Sikujua."

"Ati?"

Kimya akatikisa kichwa. Shangazi akamtazama yule kijana toka juu mpaka chini. "Mungu wangu," alisema, "amepata sare."

Alipokuwa hana sare alikuwa fundi rangi. Mwaka juzi alikuja kupaka rangi vibanda vyote vya safu ile, na alipofika kwenye kibanda cha Kimya alikawia kuliko kwingine kote. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi kutwa, lakini Fundi hakuingia bila kupiga hodi, kwa sababu aliona Kimya anashtuka upesi na sindano ingeweza kumchoma. Alisimama na brashi yake, akasema, "Hodi," na Kimya, uzi ukiwa umebanwa na midomo, akaitika, "Karibu, pita." Fundi hakuinama kusikia. Katika watu wote aliowajua, yeye peke yake ndiye aliyemsikia akiwa amesimama wima.

Bluu ilipokauka wakaanza kutafuta sababu nyingine.

Shangazi hakutaka. "Mtu wa kushinda juu ya ngazi," alisema. "Siku moja atadondoka, utamwokota na nini?" Lakini Fundi alisema atakuja nyumbani kama mtu mzima, atapiga hodi mlangoni mchana kweupe. Na alikuja. Siku hiyo mvua ilikuwa inapiga bati. Kimya alikuwa chumba cha nyuma, ameambiwa asitoke mpaka aitwe, na aliisikia hodi ya kwanza, akaitika. Akaisikia ya pili, akaitika. Ya tatu aliitika mpaka koo likamwuma. Kisha akasikia hatua zinaondoka kwenye matope.

Hakurudi. Kibandani hakuja tena. Kimya akaamua kwamba mtu amefika mlangoni, akapima, akabadili mawazo. Watu hubadili mawazo. Aliendelea kushona.

Sasa alikuwa anamfuata katika sebule ya tajiri wa mbao, pamoja na Mfamasia, Shangazi na kwaya.

"Saa hii ya ukutani ilisimama siku ambayo mwenye nyumba aliondoka," Fundi alisema. Alisema vizuri, bila haraka, kama mtu asiyemjua yeyote kati yao. "Hawakuitia ufunguo tena. Kile kiti kirefu ni cha mninga. Tafadhali msikikalie, mama."

"Sikai, naegemea," alisema Shangazi.

"Wala msikiegemee."

Mfamasia alikohoa. Alikuwa amesimama karibu na Kimya, lakini si karibu mno. Alikuwa mtu wa kupima. "Unapenda?" alimwuliza.

"Ndiyo."

Akainama. "Samahani?"

"Ndiyo."

"Ahaa. Hata mimi. Ila baridi kidogo, sijui ni kwa nini. Nyumba za zamani ndivyo zilivyo, hewa inakaa tu, haina pa kwenda. Si kitu kingine." Alitazama juu, kwenye ngazi. "Ni hewa."

"Kaka, ukiogopa sema tukushike mkono," alisema mmoja wa wanawake wa kwaya, yule mnene mwenye sauti nzito, na wenzake wakacheka.

"Nani anaogopa? Mimi nauza dawa ya minyoo kila siku."

Kwaya ikacheka zaidi, na Mfamasia naye akacheka, safari hii mpaka machoni. Kimya aliona kwamba ni mtu mwema. Aliona jambo hilo waziwazi, kama unavyoona kitambaa ni kizuri na ukajua hakikutoshi.

Fundi alingoja wanyamaze. Akaegemeza mkono kwenye nguzo ya chini ya ngazi.

"Kabla hatujapanda," alisema, "niwaeleze kuhusu Bibi. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kusafiri. Watu wa upande wa mke walikuwa hawampendi. Siku moja alirudi, akakuta mlango mkubwa umefungwa. Akapiga hodi. Bibi alikuwa juu, chumbani kwake, anashona. Alimsikia."

"Akafungua?" aliuliza mwanamke mmoja wa kwaya.

"Hakuitika. Mtu akapiga hodi ya pili. Hakuitika. Ya tatu. Jibu la Bibi lilikuwa kimya tu." Hakumtazama mtu yeyote. "Basi akaondoka zake. Tangu siku hiyo, anayetaka kuingia chumba cha Bibi hupiga hodi tatu mlangoni. Kukiwa kimya, anaingia. Akiitikiwa, asiingie. Ashuke wala asitazame nyuma."

"Ameshawahi kuitikiwa mtu?" aliuliza Mfamasia.

"Mimi sijawahi kuitikiwa."

"Hebu kwanza," alisema yule mnene, amekunja uso. "Mwaka jana tulipokuja tuliambiwa Bibi aliteleza ngazini akavunjika shingo. Habari za hodi zilikuwa nusu dakika tu. Hii ya kutoitika umeitoa wapi?"

"Mwaka jana alikuwepo mtembezaji mwingine, mama."

"Kwa hiyo kifo nacho kinabadilika?"

"Kila mtu anasimulia anavyojua."

Kwaya ilianza kubishana yenyewe kwa yenyewe, wengine shingo, wengine hodi. Kimya hakungoja. Kifuani alihisi kitu kimemkaa, si machozi, kitu kikavu zaidi. Mtu aondoke mwenyewe kwenye matope, halafu asimame mbele ya wageni wenye tiketi aseme hakuitikiwa! Pembeni ya sebule kulikuwa na kijia kilichofungwa kwa kamba nyekundu, na nyuma ya kamba ngazi nyembamba, za watumishi wa zamani. Akainua mguu wenye kifuniko cha pazia, akaivuka kamba, akapanda. Alitaka tu kukaa mahali pasipo na sauti ile mpaka wamalize.

Ngazi zilimfikisha kwenye chumba kidogo cha nguo, na mlango wa chumba hicho ukamwingiza katika chumba kingine, kikubwa, chenye kitanda cha nguzo na dirisha la kutazama bustani. Mbele ya dirisha palikuwa na meza, na juu ya meza cherehani ya mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika. Kibao kilisema USIGUSE. Chini ya sindano walikuwa wameweka kipande cha kitambaa cheupe ili wageni waone kazi ilivyokuwa inafanyika, na aliyeiweka alikuwa amepitisha uzi upande usio wake.

Kimya alikitazama kibao, akautazama uzi. Mtu wa kazi yake hawezi kuona uzi umepita vibaya akauacha, kama wewe usivyoweza kuona kola ya mtu imekunjika ndani ukanyamaza. Akautoa. Akauzungusha kwenye njia yake, akavuta ncha, akailowesha na kuibana kwa midomo wakati vidole vinatafuta tundu la sindano.

"Hodi," ilisema sauti mlangoni.

"Karibu, pita," aliitika.

Aliitika kama alivyokuwa akiitika kila siku, uzi mdomoni, macho kwenye sindano. Kisha akakumbuka alipo.

Nje palikuwa na msuguano wa nyayo za vitambaa. Wote walikuwa pale, upande wa pili wa mlango mkubwa wa mbao.

"Mmesikia?" alisema Fundi. "Kimya."

Alisema neno tu, neno la kila mtu. Lakini ndani ya chumba lilikuwa jina lake.

"Hodi," alisema tena.

Kimya alitoa uzi mdomoni. Angeweza kurudi kwa ngazi za nyuma, akashuka, akatokea sebuleni kana kwamba alikuwa anatazama picha. Jioni angekaa mbele ya wajomba na kusema ndiyo mara moja, mara mbili, mpaka wasikie. Badala yake alifungua mdomo na kusema, "Karibu," na sauti ikafanya kama inavyofanya siku zote: ikavuka meza, ikachoka, ikakaa kitandani.

"Kimya," alisema Fundi huko nje.

"Ah, sasa tuingie," alisema mwanamke mnene, "miguu inaniuma."

"Bado moja, mama. Huwa ni tatu." Hodi ya tatu aliisema taratibu kuliko zile nyingine, kama mtu anayejua hatajibiwa na ameshaizoea hali hiyo. "Hodi."

"Karibu!" alipaza Kimya. "Nimesema karibu! Nimesema mara tatu, wewe huna masikio? Pita!"

Sauti ilimtoka yote, hata ile aliyokuwa hajui kama anayo. Kioo cha dirisha kikatikisika.

Kwaya ilipiga yowe, na kwa kuwa walikuwa watu waliozoea kuimba pamoja, yowe lile lilikuwa na sauti ya kwanza, ya pili, na besi. Kisha zikafuata nyayo. Vifuniko vya viatu havikutengenezwa kwa ajili ya kukimbia. Kimya alisikia mtu anateleza, mtu anamwita Mungu, mtu anasema, "Shika kitenge changu!" na katikati ya hayo yote sauti ya Mfamasia, nyembamba, ikishuka ngazi kwa kasi: "Ni hewa! Ni hewa!"

Kisha pakatulia.

Kitasa kilizunguka. Mlango ulifunguka polepole, na Fundi alikuwa amesimama kizingitini, mkono bado kwenye kitasa, uso umempauka kidogo.

Walitazamana. Kimya alikuwa bado ameshika uzi.

"Ulikuwa umevuka kamba," alisema Fundi hatimaye. "Hairuhusiwi."

"Aliitika."

"Nani?"

"Bibi wako. Unawadanganya watu. Aliitika."

"Unajuaje?"

"Nilikuwepo."

Fundi aliachia kitasa. Aliingia hatua moja, akaacha mlango wazi nyuma yake, kama alivyokuwa akiacha wazi mlango wa kibanda. "Nilisimama nje ya nyumba yenu mvua ikininyeshea mgongoni," alisema. "Sikuwa mlevi, wala sikuwa nimekosea nyumba. Nilipiga hodi tatu. Watu walikuwa ndani. Hakuna aliyeitika."

"Niliitika ya kwanza. Niliitika ya pili. Ya tatu koo liliniuma siku mbili."

"Sikusikia."

"Wewe ulikuwa unanisikia siku zote."

"Kibandani. Kibandani hakuna bati la mvua, wala..." Akasita. Alikuwa anatazama mahali fulani juu ya kichwa chake, kama mtu anayesikiliza kitu cha zamani. "Wala redio."

"Redio gani?"

"Redio ya kwenu. Nilipopiga hodi ya kwanza ilikuwa inasema chinichini, watu wanasoma matangazo ya vifo. Nilipopiga ya pili ikapandishwa. Ya tatu ndiyo ikapigwa mpaka juu. Nikasema basi, mtu anapopandisha redio juu ya hodi yako ameshakujibu."

Siku ile Kimya naye aliisikia ikipanda, akadhani ni kwa ajili ya mvua. Chumba cha nyuma hakina redio. Redio ya nyumbani inakaa sebuleni, juu ya kabati, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa isipokuwa mtu mmoja.

Mtu huyo mmoja alikuwa anapumua mlangoni.

Shangazi hakuwa amekimbia. Kifuniko chake kimoja kilikuwa kimemtoka mguuni na kingine kimegeuka juu ya kiatu, mtandio umeanguka begani, na alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Inawezekana alishindwa kukimbia. Inawezekana pia alikuwa ameitambua sauti, yeye aliyemlea, hata kama hajawahi kuisikia kwa ukubwa ule.

"Shangazi," alisema Kimya.

"Mimi nimekuja kutafuta kifuniko changu."

"Siku ile redio ilipanda."

Shangazi alitazama kitanda, dirisha, cherehani. Alivuta mtandio akauweka vizuri kichwani, upande mmoja, kisha upande wa pili, ingawa ulikuwa umekaa sawa tangu mara ya kwanza.

"Redio ile," alisema, "ina wazimu wake."

Fundi aliinama, akaokota kifuniko kilichokuwa kimelala kwenye korido, akampa kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtu kumpa mkubwa wake kitu.

"Asante, baba," alisema Shangazi, kwa sauti ndogo. Ingekuwa siku nyingine Kimya angemwuliza, "Ati?"

Kutoka chini mtu aliita. "Shangazi! Shangazi, uko hai? Mimi napanda! Niko hapa ngazini, napanda sasa hivi!" Hatua moja ilisikika. Kisha kimya. Kisha hatua nyingine, polepole sana.

"Amerudi," alisema Shangazi.

"Ndiyo," alisema Kimya. "Ni mtu mwema." Akaweka uzi mezani, ukiwa umepita njia yake, akatoka.

Alimkuta Mfamasia katikati ya ngazi, ameshika ukingo wa mbao. Alipomwona ni yeye, mabega yalishuka. Wakatoka naye mpaka bustanini, Mfamasia bado amevaa vifuniko vya mapazia, akikanyaga nyasi zenye maji bila kujua. Kwaya ilikuwa imekaa chini ya ukuta, wanapeana maji na kusimuliana jambo ambalo wote walikuwa wamelisikia. Tayari katika masimulizi yao mlango ulikuwa umefunguka wenyewe.

"Sikukuacha kwa kukusudia," alisema Mfamasia. "Miguu ilitangulia. Mimi nilifika chini ndipo nikajua nimefika. Halafu nikajihesabu, nikaona niko peke yangu, nikaona aibu."

"Lakini ulirudi."

Aliinama kidogo kwa mazoea, kisha akanyooka. "Nimekusikia," alisema, kwa mshangao. Akamtazama vizuri. "Ile sauti ya juu. Ilikuwa wewe."

"Ilikuwa mimi."

"Ulikuwa unamwitikia nani?"

Kimya alitazama vifuniko vyake vilivyolowa. Ingekuwa rahisi kunong'ona na kumwachia yeye kazi ya kuinama.

"Jioni wajomba wataniuliza," alisema. "Nitawaambia hapana. Nimeona nikuambie wewe kwanza."

Mkunjo wa mkono wa shati la Mfamasia ulikuwa bado umenyooka, baada ya mbio zote zile.

"Mimi dukani," alisema, "mtu akija namwuliza unaumwa wapi. Anasema, nampa dawa. Wewe tangu nianze kuja kwenu sijawahi kusikia unaumwa wapi. Nilidhani labda huumwi." Akajaribu kucheka, ikashindikana, akaacha. "Ni yule mtembezaji?"

"Ndiye."

"Alinichania tiketi yangu vibaya. Nilijua kuna kitu." Akainama kufungua kamba za vifuniko, na alikawia kwenye fundo kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka uso wake ulikuwa umetulia. "Hii ndiyo mara ya kwanza nakusikia bila kuinama," alisema. "Ni sauti nzuri. Ni neno tu ndilo baya."

Akaagana naye kwa mkono, akaenda kwenye kundi la kwaya kuuliza kama kuna aliyeumia mguu, maana ana dawa ya kuchua kwenye mfuko. Wakampokea kwa shangwe.

Shangazi alikuwa ameshatoka, amesimama karibu na lango na pochi yake imebanwa kwapani. Waliondoka pamoja. Nyuma yao, barazani, wageni wengine walikuwa wamefika na wanavaa vifuniko, na sauti ya Fundi ilikuwa inawafuata mpaka njiani.

"Wengine watawaambia Bibi alikaa kimya," alikuwa anasema. "Si kweli. Bibi aliitika, mara zote tatu. Mwenye hodi ndiye aliyeondoka mapema."

Kimya hakugeuka, lakini alipunguza mwendo.

"Anasema nini huyo?" aliuliza Shangazi.

"Anasema kesho atakuja."

"Mbona sikusikia hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

Walitembea. Shangazi alifungua pochi, akaifunga. Akaifungua tena kana kwamba alichokuwa anakitafuta kilikuwa kimeingia humo wakati huohuo. "Na wajomba zako jioni?"

"Nitawaambia mwenyewe."

"Hawasikii wale."

"Watasikia."

Safari hii Shangazi hakusema "Ati?" Walifika barabarani, wakapita maduka, wakapita kituo cha mabasi na duka la dawa lenye kufuli mlangoni, naye bado amenyamaza. Ilikuwa karibu na nyumbani, paa lao limeshaonekana, ndipo aliposema, akitazama mbele moja kwa moja:

"Redio ile asubuhi nitaipeleka kwa fundi. Ikae hukohuko mpaka keshokutwa."